Tume ya Bakuli la Kaimati

Ipo nchi moja ambayo ramani huiruka kwa adabu, na wananchi wake hawanung'uniki, kwa kuwa kurukwa wamekuzoea. Mimi ni mmoja wao. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa, la hasha. Ni mkono tu, kila nikifika kwenye hilo jina unaniuma. Itoshe kusema ni nchi ya ukarimu. Kwenye sarafu yetu pamechorwa sinia lililofunikwa kawa, na chini yake pameandikwa: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kifungu cha kwanza cha katiba yetu, ambacho hata mtoto wa chekechea anakijua, kinasema chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea bakuli la futari, siku ya kulirudisha unalitia chochote, hata ndimu mbili, hata chumvi. Vifungu vilivyobaki vinahusu marupurupu ya mawaziri.

Katika nchi za watu hugombania bunge. Sisi tumestaarabika. Bunge letu lilifungwa kwa ukarabati, mafundi wakaenda kula, na tangu hapo hakuna aliyewaulizia. Madaraka yakahamia mahali panapoyastahili, getini pa chekechea ya mji mkuu. Msicheke. Kila mkubwa ana mtoto mdogo au mjukuu, na kila mtoto mdogo hufuatwa saa sita mchana. Watu wakisubiri huongea, na wakiongea huamua. Bei ya sukari huamuliwa pale. Mabalozi huteuliwa pale. Na jambo zito kuliko yote, nani atavaa taji siku ya mahafali, huamuliwa pale pale, na haligeuki.

Serikali, kwa kuwajali wazazi, ilijenga banda la kusubiria, lenye paa la bati na benchi ndefu, ikaliandika kwa rangi ya bluu: BANDA LA UMOJA. WAZAZI WOTE KARIBUNI. Ndani yake hukaa watu watano. Wengine wote husimama nje, juani. Msinielewe vibaya, hakuna aliyetukataza kuingia. Ni kwamba ukisogea, mazungumzo hukatika, pochi huhamishiwa kwenye nafasi iliyobaki, na wale watano hukutazama kwa tabasamu la mtu anayemsubiri mchuuzi wa soksi amalize kujieleza. Basi unakumbuka kwamba ulikuwa unapita tu.

Mimi ni Baba Tunu. Nashona viti vya magari nyumbani kwangu, na mama yake Tunu ni nesi wa zamu ya mchana, kwa hiyo mtoto namfuata mimi. Huu ni mwaka wangu wa pili juani, na nasimama kwa hiari yangu, kwa ajili ya vitamini. Daktari mmoja alisema redioni kwamba jua lina vitamini, na tangu siku hiyo sina kinyongo na mtu.

Mwenyekiti wa Banda alikuwa Mama Delvin. Hakuchaguliwa, maana uchaguzi huleta mgawanyiko. Alikuwa mwanamke mrefu, nadhifu, mwenye sauti ya chini mno, hata anayetaka kumsikia ilimlazimu ainame. Ukimwona mtu ameinama mbele yake ungedhani ni heshima. Kumbe ni masikio.

Alitawala kwa simu. Kulikuwa na kundi la simu la Wazazi Wote, ambamo sisi wa juani tulipewa habari za minyoo na ada. Ndani yake kulikuwa na kundi la Wenyewe, la wale watano. Ndani ya Wenyewe kulikuwa na Wenyewe Kabisa, la watatu, na wawili waliobaki hawakuwa na habari. Na ilisemekana, lakini kwa kunong'ona, kwamba ndani kabisa lilikuwepo kundi jingine, Wenyewe Hasa, ambamo mambo ya nchi yalipikwa. Waliomo humo hatukuwajua. Tuliwaombea afya.

*

Katikati ya muhula akaja Mama Shemsa.

Alitoka mji mdogo wa kando ya ziwa, mumewe alihamishiwa kwetu kuchimba visima, na hakuwa amesoma desturi zetu. Siku ya kwanza alivuka jua moja kwa moja, akaingia Bandani, akasema "Hodi wenyewe", akakaa. Alikalia pochi ya Mama Twinzi, mama wa mapacha, ambaye ndiye alikuwa msaidizi wa mwenyekiti na mlinzi wa nafasi zilizo wazi. Ndani ya pochi kulikuwa na miwani. Sote tuliisikia.

Hakuna aliyemgombeza, maana sisi si watu wa ugomvi. Walinyamaza tu. Walinyamaza mpaka kengele ikalia na watoto wakatoka. Kesho yake Mama Shemsa alikuja kusimama karibu nami, akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio, akasema kumbe huku nje ndiko kuliko na upepo. Hapakuwa na upepo hata kidogo. Nikampenda hapo hapo, kama ndugu.

Jina walilomwita ndilo lililomuuma. Kwetu mzazi hana jina lake. Jina lake ni la mwanawe, na kuitwa Mama Fulani ndiyo kutambuliwa kwamba upo. Wenyewe walimwita "yule dada wa begi la kijani". Kumbe begi si lake, la Shemsa. Kwa hiyo serikalini lilijulikana begi, lakini mwenye begi hajulikani, na mama wa mwenye begi ndiyo kabisa.

Angevumilia, mwenyewe aliniambia, lau si Jumamosi ya wiki inayofuata. Jumamosi hiyo Shemsa alikuwa anatimiza miaka mitano. Huko walikotoka, besidei ya mwaka jana walikuja watoto wa mtaa mzima hadi mkeka ukapasuka. Hapa Shemsa aliwaalika wenzake wote mwenyewe, darasani, kwa mdomo wake. Wakamjibu kwa adabu ya watu wazima: mama yangu hamjui mama yako. Alirudi nyumbani akamuuliza mama yake hivi wewe kwa nini hujulikani.

"Nisijulikane mimi, sawa," alisema Mama Shemsa. "Lakini mtoto nimemkosea nini mpaka akae na keki peke yake?"

Nikamweleza utaratibu, maana raia mwema humweleza mgeni utaratibu. Kwetu mtoto haendi besidei ya mtoto mwenzake mpaka mama zao wawe wamepelekeana chombo. Unapika, unapeleka, chombo kinarudi na kitu, basi mmeshajuana mpaka kiama. Macho yake yakang'aa. Akasema kumbe ni hilo tu. Nilitaka kumwambia kitu zaidi, halafu nikaangalia saa yangu, ambayo haitembei.

*

Kesho yake akaja na kaimati. Wallahi harufu ilifika kabla yake. Zilikuwa za duara, zimekolea shira, zimepangwa ndani ya bakuli la bati la maua mekundu lililobanduka rangi ukingoni. Bakuli lilikuwa la marehemu mama yake. Ndilo lililokandiwa unga wa besidei zake yeye alipokuwa mtoto, na ndilo alilokusudia kukandia wa Shemsa. Chombo kingine cha heshima hakuwa nacho, basi akapeleka hilo. Akaliweka kwenye benchi ya Bandani, akasema karibuni, akarudi juani upesi kabla hajanyamaziwa.

Kaimati zililiwa. Hilo halina utata, na hata Tume baadaye ililithibitisha. Zililiwa zote, na Mama Twinzi akalamba shira kidoleni huku ametupa mgongo. Mgeni alikuja, na wenyeji walipona.

Ndipo tatizo la kikatiba likajitokeza. Bakuli lilibaki tupu kwenye benchi. Kulirudisha tupu ni kuvunja kifungu cha kwanza, na kwetu hata jambazi hajafikia hapo. Kulirudisha na kitu ni kumtambua yule dada wa begi la kijani, na akishatambuliwa atakaa, na akikaa yeye watakaa wote, na banda likikaliwa na wote litakuwa na maana gani tena kuwa bandani? Mama Delvin alilitazama bakuli kwa muda mrefu. Kisha akapiga simu kwa waziri.

Waziri wa Ukarimu wa Taifa, Mheshimiwa Dokta Mwinyikondo, alifika kwa msafara, ving'ora mbele na gari la wagonjwa nyuma, endapo bakuli lingezidiwa. Alizunguka benchi akiwa ameweka mikono nyuma. Alilitazama bakuli kwa juu, akalitazama kwa ubavu, akavua miwani, akavaa miwani. Halafu akatuhutubia sisi wa juani, yeye akiwa kivulini.

"Ndugu wananchi, hili si bakuli la mama mmoja. Hili ni bakuli la taifa. Na kwa kuwa ni la taifa, mtu mmoja hawezi kurudishiwa. Serikali yenu sikivu haitalirudisha tupu, kwa sababu tuna katiba. Haitalirudisha limejaa, kwa sababu tuna utulivu. Serikali itaunda Tume."

Tukapiga makofi. Mama Shemsa naye alipiga, maskini, akidhani Tume ni kitu kinachokwenda haraka.

*

Tume ya Bakuli ilikaa hapo hapo Bandani, na sisi tukaruhusiwa kusikiliza kutoka juani. Ilimhoji mpika kaimati iwapo alitumia hamira kwa nia njema. Ilimhoji mlinzi wa geti iwapo alisikia harufu, naye akajibu hakusikia, kwa kuwa anafikiria familia yake. Mtaalamu mmoja kutoka chuo kikuu alieleza kwa kirefu tofauti kati ya bakuli lililosahauliwa na bakuli lililowekwa. Ilikuwa elimu tupu.

Kisha mwenyekiti wa Tume akataka kujua uamuzi wa kutorudisha bakuli ulifanywa katika kundi lipi. Ikaamriwa simu zote ziwekwe mezani, na ujumbe mfupi wa majaribio utumwe katika kila kundi kutoka simu ya Mama Delvin.

Ulipotumwa kwa Wazazi Wote, meza nzima ilitetemeka, na huku juani simu zetu zikalia kwa furaha. Ulipotumwa kwa Wenyewe, zikatetemeka nne. Ulipotumwa kwa Wenyewe Kabisa zikatetemeka mbili, na wale wawili ambao simu zao zilitulia wakatazamana, nyuso zikawashuka. Mama Twinzi, ambaye simu yake ilitetemeka, akajiweka sawa kwenye benchi.

Ukatumwa kwa Wenyewe Hasa. Kimya. Mama Twinzi aliitazama simu yake, akaichukua, akaitikisa, akaiweka tena. Halafu tukasikia mtetemo mmoja, mdogo, ukitoka ndani ya pochi ya Mama Delvin mwenyewe. Alikuwa na laini mbili. Wenyewe Hasa, kumbe, walikuwa Mama Delvin na Mama Delvin.

Hakuna aliyecheka. Katibu wa Tume aliandika "mtetemo wa kawaida" akafunga kalamu. Mama Delvin alikuwa ameinamisha kichwa anatafuta kitu kisichokuwepo kwenye pochi, na mimi, ambaye kwa mwaka na zaidi nilimwombea banda limwangukie, nilimwonea huruma. Nilijikasirikia sana.

Tume ikatoa uamuzi kwamba bakuli lisirudishwe wala lisinyimwe, bali lihifadhiwe. Likapakiwa garini, likafungwa mkanda, likaondoka kwa ving'ora. Ilikuwa Jumatano. Mama Shemsa aliusindikiza msafara kwa macho hadi ulipokata kona, halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba unga ameshanunua.

*

Alhamisi nilimsindikiza Ghala la Taifa la Vyombo Vinavyosubiri. Kwa kweli sikumsindikiza, nilikuwa naelekea huko huko kwa shughuli zangu.

Mtunza ghala aliitwa Bwana Feruzi. Tulimkuta anakula muhogo wa kuchoma, akatukaribisha, tukakataa kwa adabu, akafurahi. Mama Shemsa akasema amefuata bakuli lake. Bwana Feruzi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kikazi. Akasema hairuhusiwi mtu kuchukua chombo chake mwenyewe, kwa sababu kitakuwa kimerudi kitupu, na hilo katiba hairuhusu.

Nikauliza basi nani anaruhusiwa kuchukua.

Akatafuna, akafikiri, akasema mtu yeyote anaweza kuchukua chombo cha mtu mwingine, kimoja tu, ili mradi akamrudishie mwenyewe kikiwa na kitu. Hiyo sheria ipo tangu ghala lijengwe. Ila tangu lijengwe hajaja mtu kuuliza cha mwenziwe. Wote huja kuulizia vyao. Akatufungulia mlango.

Jamani. Nilidhani tutaliona bakuli moja kwenye meza. Ukumbi ulikuwa mrefu, na rafu zimejaa toka chini mpaka darini. Mabakuli, masinia, hotipoti, sufuria zenye mifuniko na zilizopotelewa na mifuniko, na kisahani kimoja cha kikombe ambacho mwenyewe pengine ndicho alichokuwa nacho. Kila kimoja kililetwa getini siku moja na mzazi mgeni, kimejaa, kimefunikwa kwa kitambaa safi. Mama Shemsa alipita polepole akivigeuza na kusoma chini, maana akina mama wa kwetu huandika vyombo vyao kwa rangi ya kucha ili visipotelee harusini. Alisoma majina kwa sauti. Nusu ya hao watu nilisimama nao juani kila siku na hatukuwahi kuambiana.

Kwenye rafu ya tatu palikuwa na hotipoti ya kijani ambayo sikuwa na haja ya kuigeuza. Mwaka jana nilipika maandazi, mwenyewe, kwa mikono yangu ya kushonea viti, yakaungua kidogo upande mmoja, nikayapanga upande mzuri ukiwa juu, nikayapeleka Bandani. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nilikuwa nimesahau kila siku tangu siku ile.

"Hii ni yako," alisema Mama Shemsa.

Nikamwambia majina yanafanana. Hakubisha. Akasogea mbele, akainua bakuli la kioo la rangi ya chai, la zamani kidogo, akapuliza vumbi, akaligeuza. Alilishikilia limegeuzwa hivyo hivyo mpaka nikaja kuchungulia. Kwa rangi ya kucha ya waridi, kwa mwandiko wa mtu aliyejitahidi, paliandikwa: Mama Delvin.

Basi kumbe naye aliwahi kuja na kitambaa safi. Kumbe kuna siku alisimama na sisi, mwaka gani sijui, na kuna mwenyekiti mwingine ambaye mwanawe alishahitimu, akala, akamwachia bakuli likaozea ghalani. Mimi nilifurahi sana, sifichi. Nilimwambia Mama Shemsa kwamba Mungu si Athumani, silaha tumepata. Kesho tuliweke hilo bakuli pale benchini, tupu, limegeuzwa, jina juu, kila mtu asome. Tuone kama kuna atakayeinama tena.

Mama Shemsa alilifuta bakuli kwa ncha ya mtandio, ndani na nje.

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu, Baba Tunu," alisema. "Nanyi ndio mlioniambia."

Nilitaka basi nimchukulie lile lake la maua mekundu, Bwana Feruzi akasema bado linaandikishwa, rafuni litafika kesho jioni. Nikachukua cha kwanza kilichonijia mkononi, sufuria ya mtu nisiyemjua vizuri, ili na mimi nisitoke bure. Hotipoti nikaiacha pale ilipo, sheria ni sheria.

*

Ijumaa saa sita Mama Shemsa alivuka jua akiwa amebeba bakuli la kioo limejaa kaimati. Bandani mazungumzo yalikatika kama kawaida. Pochi zilihamishwa kama kawaida. Hakukaa. Alisimama mbele ya mwenyekiti, akalishusha bakuli kwa mikono miwili.

"Mama Delvin, bakuli lako. Tusamehe, limechelewa."

Mama Twinzi akafungua kinywa kusema kuna utaratibu. Lakini Mama Delvin alikuwa ameshalipokea. Alilipakata, akapitisha kidole chini yake, pale penye rangi ya kucha, taratibu, kama mama anayempapasa mtoto aliyelala kuona kama homa imeshuka. Aliusoma mwandiko wake kwa kidole. Uso wake sikuwahi kuuona vile. Ulikuwa uso wa mtu wa juani.

"Nilipika sambusa," alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida, tuliisikia wote mpaka getini. "Niliamka alfajiri. Miaka yote hii nimedhani hazikuwa tamu."

Mwenyekiti wa kuamua tuseme nini ndiye huyo aliyekuwa anafuta macho. Akachukua kaimati moja, akaila yote, pole pole, hadi mwisho. Kisha akamwinulia macho mgeni wetu.

"Jumamosi saa ngapi, Mama Shemsa?"

*

Yaliyofuata yaliitia serikali homa. Niliwaeleza wa juani ile sheria ya Bwana Feruzi, na jioni ile nje ya ghala palikuwa na msururu hadi barabara kuu, kila mtu amekuja kuchukua chombo cha mwenziwe. Bwana Feruzi hakumaliza muhogo wake. Usiku mji mzima ulinuka vitunguu. Watu waligongeana milango na vyombo vilivyopotea miaka na mikaka, ndani yake mna pilau, mna dengu, mna ndimu mbili kwa wasio na kitu. Mimi nilipeleka ile sufuria na viazi vya rojo kwa mama mmoja ambaye kumbe husimama mita tatu kutoka kwangu kila siku. Alilia, nikamsaidia.

Mheshimiwa Dokta Mwinyikondo alitangaza redioni kwamba zoezi la kurudisha vyombo limekwenda kama lilivyopangwa na wizara yake, na kwamba kutokana na mafanikio hayo ghala litajengwa jingine, kubwa zaidi. Tume ilipongezwa kwa kazi nzuri, ikaongezewa muda.

Jumamosi walikuja. Darasa zima lilikuja, na mama zao, na bibi wa mmoja ambaye hatukujua alifuata nini. Mama Twinzi alikuja na miwani mipya na zawadi mbili. Shemsa alisimama mlangoni na gauni la manjano, anawatajia wageni jina la mama yake mmoja mmoja, kama askari wa ikulu anayetangaza mabalozi: huyu ni Mama Shemsa, huyu ndiye mama yangu. Keki ilikuwa imekandiwa kwenye karai la kufulia, maana bakuli lilikuwa bado halijapatikana. Hakuna aliyelisemea.

Mama Delvin alichelewa. Alifika ameshika kitu kilichofunikwa kitambaa, akakiweka mezani, akakifunua mwenyewe. Lilikuwa bakuli la bati la maua mekundu, na ndani yake wali wa nazi. Alisema ameupika yeye, si mpishi. Mama Shemsa aliuweka mkono wake ukingoni, pale palipobanduka rangi, akauacha hapo kwa muda.

Wali ulikuwa umelowa, na chumvi alisahau. Uliliwa wote.

Jumatatu nilisimama mahali pangu kama kawaida. Banda lilikuwa limejaa, watu wamebanana kwenye benchi, wengine wamekaa chini, na kumbe lilikuwa linatutosha siku zote. Sikuitwa, na wala sikutegemea kuitwa. Mimi na jua letu tumezoeana. Hapo akanijia Mama Delvin, akatoka kivulini kwa miguu yake hadi niliposimama, ameshika hotipoti ya kijani. Alisema aliichukua Ijumaa ile ile, mtu wa kwanza kwenye msururu, pamoja na mumewe ili wapate vyombo viwili, ila maandazi yamemshinda mara tatu, ndiyo maana amekawia. Niliifungua. Yalikuwa yameungua upande mmoja, na ameyapanga upande mzuri ukiwa juu.

Nikamfuata Bandani. Kuhusu vitamini, nimeamua nitakuwa nakula machungwa.